Januari haimbadilishi mtu, muulize Tony Adams

JANUARI ina mambo yake. Kombe la Mapinduzi linapigwa Zanzibar, dirisha dogo la usajili linawakosesha viongozi usingizi, na mashabiki vijiweni wanabishana nani aachwe na nani aletwe.

Ila kuna usajili mwingine unaofanyika kimyakimya, ambao hautangazwi na klabu yoyote. Usiku wa kuamkia Januari Mosi shabiki anakaa chini na kukifumua kikosi cha maisha yake. Bia inaachwa huru. Sigara inavunjiwa mkataba. Mkeka wa kila wikiendi unatolewa kwa mkopo, eti mpaka mambo ya ada za watoto yakae sawa. Wanaosajiliwa ni mazoezi ya alfajiri, kibubu cha akiba na kulala mapema.

Wiki ya kwanza ni moto. Saa 11 alfajiri barabara za mitaani zina watu wenye raba mpya, kitambi kimeingizwa kwa nguvu ndani ya jezi ya msimu uliopita, na muuza chips anajiuliza wateja wake wa usiku wamepotelea wapi.

Fika katikati ya Februari sasa. Raba ziko chini ya kitanda. Kibubu kimepasuliwa. Wale walioachwa huru wamerudi kikosini, tena wanaanza kikosi cha kwanza, na usajili mpya hata benchi haupo.

Si kwamba watu ni waongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti huko Pennsylvania, Marekani, waliwafuatilia watu 200 walioweka ahadi za mwaka mpya. Baada ya wiki moja, asilimia 77 walikuwa bado wamesimama na neno lao. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 19. Yaani katika kila watu 10 walioanza safari, wasiofika wawili ndio waliofika.

Swali la maana ni hao wachache walifanya nini tofauti. Soka lina majibu mengi, lakini hakuna stori inayolijibu vizuri kama ya beki mmoja wa kati aliyevaa jezi namba 6 ya Arsenal.

MWAKA MPYA NYUMA YA NONDO

Tony Adams alipewa kitambaa cha unahodha wa Arsenal Januari Mosi, 1988. Alikuwa na miaka 21 tu. Kama kuna kijana aliyepewa kila sababu ya kuanza mwaka mpya kama mtu mpya, ni huyo. Kocha George Graham alimwamini kuliko wachezaji waliomzidi umri kwa mbali, na msimu uliofuata, 1988-89, akanyanyua ubingwa wa England.

Nje ya uwanja mambo yalikuwa mengine. Arsenal ya wakati ule ilikuwa na kundi la wachezaji lililojulikana kama Klabu ya Jumanne. Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko, hivyo Jumanne wakimaliza mazoezi makali ya Graham wanahamia baa, na huko hakuna aliyekuwa anaangalia saa. Nahodha alikuwa mstari wa mbele. Pombe haikuwa siri wala aibu, ilikuwa ndiyo undugu wenyewe wa timu.

Mei 1990 Adams aliligonga gari lake ukutani huko Essex, akiwa na kiwango cha pombe mwilini kilichozidi kile kinachoruhusiwa kwa zaidi ya mara 4. Desemba 19 mwaka huohuo mahakama ikamhukumu kifungo cha miezi minne. Krismasi ikamkuta gerezani Chelmsford. Mwaka mpya wa 1991 nao ukamkuta hukohuko.

Hebu fikiria. Nahodha wa Arsenal, beki wa timu ya taifa, yuko nyuma ya nondo Januari Mosi huku wenzake wanapambania ubingwa bila yeye. Msimu ule Arsenal ilipoteza mechi moja tu ya ligi, dhidi ya Chelsea mwanzoni mwa Februari, na ilipoipoteza nahodha wake alikuwa bado ndani.

Kama aibu ingekuwa dawa, angepona pale. Kama hofu ingekuwa dawa, angepona pale. Alitoka Februari 15, akapokelewa na mashabiki kama shujaa, akarudi uwanjani, Arsenal ikachukua ubingwa na pombe ikaendelea kama kawaida. Ikaendelea kwa zaidi ya miaka mitano.

Hapo ndipo stori ya Adams inapowagusa wengi. Mtaani kuna imani kwamba mtu anasubiri tu akwame vibaya ndipo abadilike. Atafukuzwa kazi, ataacha. Ataugua, ataacha. Mwaka utaisha, ataacha. Adams alipata ajali, hukumu, gereza na mwaka mpya, vyote ndani ya miezi minane, na bado hakuacha.

WIKI SABA ZA EURO

Akajaribu njia nyingine ambayo kila mtu anaifahamu, ile ya kukaza meno.

Kwenye fainali za Euro 1996, zilizofanyika nyumbani kwao Uingereza, Adams ndiye aliyekuwa nahodha uwanjani. Mwenyewe ameshasimulia mara nyingi kwamba alijizuia kunywa kwa kipindi chote cha mashindano. Alikuwa na sababu kubwa ya kufanya hivyo, nchi nzima ilikuwa inamtazama, na alifanikiwa. Juni 26 England ikatolewa na Ujerumani kwa mikwaju ya penalti katika nusu fainali pale Wembley.

Sababu ikaisha, na kukaza meno kukaisha. Adams akanywa karibu wiki saba mfululizo.

Hapo kuna somo ambalo makocha wa viungo wanalijua sana. Mchezaji anaweza kupunguza kilo kwa ajili ya kambi, kisha kambi ikivunjwa anazirudisha na nyongeza juu. Alivumilia, lakini hakubadilika. Shabiki anayeacha bia Januari nzima huku anahesabu siku za kufika Februari yuko kwenye kambi hiyohiyo. Filimbi ya mwisho ikilia, anakimbilia kaunta.

IJUMAA YA KAWAIDA

Agosti 16, 1996 ilikuwa Ijumaa. Haikuwa sikukuu. Klabu ilikuwa kwenye vurugu, kocha Bruce Rioch alikuwa ametimuliwa siku nne kabla, na kesho yake ligi ilikuwa inaanza. Adams mwenyewe alikuwa majeruhi, anauguza goti. Jioni ya siku hiyo alikunywa glasi yake ya mwisho. Hajawahi kuinua nyingine mpaka leo.

Kitu gani kilitokea siku hiyo ambacho hakikutokea gerezani? Kwa maelezo yake mwenyewe, alichoka, akakubali kwamba hawezi peke yake. Akaanza kuhudhuria vikao vya AA, kikundi cha watu wenye tatizo la pombe wanaosaidiana kuacha. Mwezi uliofuata akasimama mbele ya wachezaji wenzake na kuwaambia kwamba yeye ni mlevi.

Hili la mwisho lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Nahodha aliyekuwa kinara wa Jumanne anawaambia walewale aliokuwa akinywa nao kwamba amejitoa. Kuanzia siku hiyo, kila anayemwita kaunta anajua anamwita mgonjwa. Alijifungia njia ya kurudi, na funguo akawapa watu.

Kisha kuna suala la muda. Mlevi akiacha pombe, anabaki na masaa mengi mikononi ambayo zamani yalikuwa na kazi. Adams hakuyaacha wazi. Akajifunza kupiga piano. Akawa msomaji wa vitabu. Mwaka 1998 akatoa kitabu cha maisha yake, Addicted, akieleza yote bila kujificha. Watu walicheka kidogo kumsikia beki mgumu wa Highbury anapiga piano, lakini ile Jumanne jioni ilishapata mwenyewe.

Wanaoweka ahadi za Januari wengi wanaruka hapo. Wanataja wanachokiacha, hawataji kinachoingia mahali pake. Winga akiuzwa bila mbadala, upande ule unabaki uchochoro. Jumamosi saa 12 jioni, muda uleule wa bia na marafikize, mtu amekaa nyumbani anaangalia ukuta. Atakaa Jumamosi ngapi?

WENGER NA CHOKOLETI

Adams alikuwa na bahati moja. Wiki chache baada ya kuacha, Oktoba Mosi, 1996, alianza kazi Highbury kocha Mfaransa ambaye wengi hawakumfahamu, Arsene Wenger, akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japan.

Wenger hakuanza na hotuba. Alianza na sahani. Nyama nono na chips vikapungua, wakaingia samaki, kuku wa kuchemsha na mboga za majani. Sukari ikapunguzwa. Wachezaji wakafundishwa hata kutafuna taratibu. Asubuhi ya mechi hotelini wanaamshwa kunyoosha viungo, jambo ambalo mabeki waliokuwa wamevuka miaka 30 waliliona kama kichekesho.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa ugenini dhidi ya Blackburn, Oktoba 12. Arsenal ilishinda 2-0, yote yakiwa ya Ian Wright. Stori maarufu zaidi ya siku hiyo haihusu mabao lakini. Ndani ya basi wachezaji walianza kuimba kwa pamoja wakidai warudishiwe chokoleti zao. Watu wazima, wachezaji wa kulipwa, wanalilia peremende kama watoto wa chekechea!

Hawakurudishiwa. Wala hakuna aliyetakiwa kuwa na moyo wa chuma kuikataa chokoleti, kwa sababu haikuwepo. Wenger aliyabadilisha mazingira kwanza na wachezaji wakabadilika baadaye. Mtu anayesema mwaka huu hali vyakula vya mafuta, huku njia yake ya kurudi nyumbani kila siku inapita mbele ya jiko la chips, anajipa mechi ngumu ya ugenini kila jioni. Akipita barabara ya pili, mechi yenyewe haipo.

Matokeo hayakuja wiki ile. Msimu wa kwanza wa Wenger uliisha bila kombe. Desemba 13, 1997, zaidi ya mwaka mzima tangu chokoleti zitolewe, Arsenal ilichapwa 3-1 nyumbani na haohao Blackburn, na kelele zilikuwa nyingi. Baada ya pale, haikupoteza tena mechi ya ligi mpaka ilipotangazwa bingwa.

Mei 3, 1998, dhidi ya Everton pale Highbury, Arsenal ikiwa mbele 3-0 na ubingwa ukiwa mkononi, Steve Bould alimpenyezea mpira wa juu beki mwenzake aliyekuwa anakimbia kwenda mbele kama straika. Adams akautuliza, akaupiga kwa mguu wa kushoto ukajaa kambani. Nne bila. Beki wa kati, mwenye miaka 31, miezi 20 bila pombe, anafunga bao la straika siku ya ubingwa. Wiki mbili baadaye wakabeba na Kombe la FA.

Na wale mabeki waliokuwa wanacheka kunyoosha viungo? Lee Dixon alistaafu akiwa na miaka 38, bingwa wa England tena mwaka 2002. Nigel Winterburn alicheza Ligi Kuu mpaka 2003 akiwa West Ham, miaka 39 mgongoni. Adams mwenyewe alistaafu 2002 baada ya mechi 669 za Arsenal, akiwa nahodha bingwa katika miongo mitatu tofauti.

SIKU 66, SI 21

Vijiweni husemwa kwamba ukifanya jambo siku 21 mfululizo, tayari ni tabia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, waliamua kulipima hilo. Waliwachukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kufanya kila siku kwa wakati uleule, mfano kula tunda na chakula cha mchana, kunywa maji, au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yalitoka mwaka 2009.

Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike lenyewe bila mtu kujisukuma. Sitini na sita, idadi ileile ya mechi Adams alizoichezea England. Lakini wastani huo unaficha mengi. Aliyewahi zaidi alikadiriwa kuhitaji siku 18, aliyechelewa zaidi siku 254. Kunywa maji kulizoeleka mapema, mazoezi yakachukua muda mrefu zaidi.

Ukizihesabu kuanzia Januari Mosi, siku ya 66 inaangukia Machi 7. Siku ya 254 ni Septemba 11, ligi ya msimu mwingine ikiwa imeshaanza. Kwa hiyo mtu anayekata tamaa Februari 10 kwa sababu bado kuamka alfajiri kunamuuma hana kasoro yoyote. Yuko dakika ya 55 na anataka kutoka uwanjani.

Utafiti uleule ulionyesha jambo jingine linalosahaulika: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Walioruka siku moja wakarudi kesho yake waliendelea walipoishia.

Hii haina maana kwamba Januari haina kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha mwaka 2014 kazi iliyoonyesha kwamba watu huenda zaidi gym mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi na mwanzoni mwa mwaka. Tarehe mpya inampa mtu hisia kwamba yale makosa ni ya msimu uliopita. Ni msukumo wa kweli, wa kuutumia. Tatizo ni kwamba unaisha haraka, na habari njema ni kwamba Jumatatu nayo ni tarehe mpya.

GIGGS NA MKEKA WA YOGA

Wapo waliobadilika bila drama yoyote, na pengine hao ndio wa kuigwa zaidi.

Ryan Giggs alianza kuichezea Manchester United Machi 1991 akiwa winga mwenye mbio za ajabu na misuli ya nyuma ya paja iliyokuwa inamsaliti kila mara. Angeweza kuisha akiwa na miaka 30 kama mawinga wengi. Alichofanya ni kuingia kwenye yoga, akaifanya kuwa sehemu ya wiki yake, na akaanza kuchunga anachokula. Mwaka 2010 hata akatoa video ya kufundisha yoga, na mashabiki wa timu pinzani wakapata cha kumtania.

Giggs alistaafu Mei 2014 akiwa na miaka 40 na mechi 963 za United. Hakuna siku moja ya kuielekeza kidole na kusema hapa ndipo alipobadilika. Kulikuwa na mkeka sakafuni na kurudia, basi.

Lionel Messi naye alikiri kwenye mahojiano ya televisheni nchini kwao Argentina, mwaka 2018, kwamba alipokuwa na miaka 22 au 23 alikuwa anakula hovyo, chokoleti na soda kwa wingi, na alikuwa anatapika uwanjani. Alikuja kubadilisha sahani yake akiwa tayari ana Ballon d'Or kabatini. Mtu mwenye kila kisingizio cha kusema “mbona nafunga hivihivi” hakukitumia.

SAMATTA NA JANUARI YAKE

Tanzania nayo ina Januari yake ya kukumbukwa. Januari 7, 2016, jijini Abuja, Mbwana Samatta alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kabla mwezi haujaisha alikuwa mchezaji wa Genk ya Ubelgiji.

Kwa nje ilionekana kama maisha yaliyobadilika ndani ya wiki tatu. Ukweli ni kwamba mabadiliko yalianza 2011, alipoondoka Simba kwenda TP Mazembe. Kijana wa Dar es Salaam alihamia Lubumbashi, akakaa karibu miaka mitano katika klabu yenye viwango vingine vya mazoezi na njaa nyingine ya makombe. Mwaka 2015 akafunga mabao 7 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, akiwemo kwenye mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari ilikuja tu kusaini karatasi.

Na hata Genk hakuwika mara moja kwa kiwango kile kila mtu anachokikumbuka. Msimu wa ubingwa, 2018-19, ule wa mabao 23 ya ligi, ulikuja zaidi ya miaka miwili baada ya kutua. Januari nyingine, ya 2020, ikampeleka Aston Villa na kumfanya Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England.

MKEKA MWINGINE

Kuna mkeka wa Giggs na kuna mkeka wa kubeti. Huu wa pili ndio unaotajwa kwenye ahadi nyingi za mashabiki mwaka huu, na ndio unaorudi haraka kuliko yote. Bia inahitaji kutoka nyumbani. Mkeka upo mfukoni, kwenye simu ileile yenye fedha za kodi na ada, na mechi zipo usiku na mchana, mpaka za ligi ambazo mchezaji hamjui hata mtu mmoja wa kikosi.

Paul Merson alikuwa mwenzake Adams pale Arsenal. Novemba 1994, karibu miaka miwili kabla ya nahodha wake, alijitokeza hadharani na kukiri mambo matatu: pombe, kokeini na kamari. Akapelekwa kwenye matibabu, akarudi uwanjani Februari 1995, na baadaye akaichezea tena England. Ilionekana kama stori iliyokwisha vizuri.

Haikwisha. Merson mwenyewe amesimulia jinsi alivyorudi tena na tena, na kati ya yote matatu, anasema kamari ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kwa hesabu yake mwenyewe imemla pauni milioni 7 hivi. Wakati wa zuio la kutoka nje la ugonjwa wa Uviko-19, akiwa na miaka zaidi ya 50, alicheza kamari akiba yote waliyoweka na mkewe kwa ajili ya kununulia nyumba. Alikuwa amekaa ndani, hana pa kwenda, simu iko mkononi.

Baada ya hapo hakuahidi kwa sauti kubwa zaidi. Alikwenda kwenye televisheni ya BBC mwaka 2021 akaeleza yote kwenye filamu, kama Adams alivyosimama mbele ya wenzake. Na usimamizi wa fedha akamwachia mkewe.

Shabiki wa kawaida naye anaweza kufanya hivyo bila kamera. Programu ya kubeti inafutwa kwenye simu, si kufichwa ukurasa wa pili. Fedha ya ada inalipwa shuleni siku mshahara unapoingia, kabla ya mechi za Jumamosi. Mke, kaka au rafiki mmoja wa kibanda umiza anaambiwa wazi, “nimeacha, ukiniona na mkeka niulize.” Na zile dakika za kupanga mechi zinapewa kazi nyingine, hata kama ni kubishana bure kuhusu kikosi cha leo, maana ubishi haujawahi kumfilisi mtu.

Adams alipata wapi wazo la kuwasaidia wengine kama Merson? Kwenye viti vilevile vya AA. Mwaka 2000, akiwa bado mchezaji, alianzisha kituo cha Sporting Chance kwa ajili ya wanamichezo wenye tatizo la pombe, dawa za kulevya na kamari. Wanaopokelewa pale wengi walishaahidi kuacha mara nyingi kabla, na wapo wanaorudi kwa mara ya pili.

Hata wale asilimia 19 wa Pennsylvania hawakuwa malaika. Zaidi ya nusu yao waliteleza angalau mara moja, na wastani wa kuteleza ndani ya miaka ile miwili ulikuwa mara 14.